Ndani ya Saa Bandia ya Kariakoo

Barabara ya Uhuru huanzia kwenye Mnara wa Saa, uliojengwa mwaka 1961 kuadhimisha Dar es Salaam kupewa hadhi ya jiji, ikapita Mnazi Mmoja na kuingia Kariakoo, kitongoji ambacho jina lake ni kumbukumbu ya Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Mwendo huo ni wa miguu tu, na mpita njia hukutana humo na saa za mkono nyingi kuliko awezavyo kuzihesabu: zimepangwa juu ya mbao, zimening'inizwa mikononi mwa wamachinga, zimelazwa katika masanduku ya vioo milangoni mwa maduka. Zinazong'aa kupita nyingine ni zile pana na nzito, zenye vibonyezo viwili ubavuni na nyuso ndogo tatu ndani ya uso mkubwa. Juu yake yameandikwa majina ya viwanda vya Uswisi ambavyo saa yao moja halisi huweza kuuzwa kwa bei ya gari. Bei anayoitaja mchuuzi ni sehemu ndogo mno ya hiyo.

Aghalabu muuzaji na mnunuzi wote wawili wanajua kwamba jina lile si la kweli. Sokoni saa hizo huitwa "feki" au "kopi" bila kuoneana haya. Swali ambalo haliulizwi ni jingine: je, kifaa chenyewe hupima kile kinachodai kupima? Swali hilo, tofauti na lile la jina, laweza kujibiwa na mwanafunzi wa kidato cha pili akiwa na simu, uzi, mizani ya maabara na subira ya siku kadhaa.

Nyuso tatu ndogo

Saa ya namna hii huitwa kronografu. Ni saa mbili ndani ya kasha moja: moja huonyesha wakati wa siku, nyingine hupima muda kati ya tukio na tukio. Kifaa cha kwanza kinachojulikana cha aina hiyo kilikamilishwa mwaka 1816 na fundi wa Kifaransa, Louis Moinet, kwa ajili ya kutazamia nyota. Miaka mitano baadaye, mwaka 1821, Nicolas Rieussec alipima mashindano ya farasi mjini Paris kwa chombo kilichodondosha tone la wino juu ya uso wa saa kila farasi alipofika. Ndiyo maana jina lenyewe, lililoundwa kwa maneno ya Kiyunani, lina maana ya "kiandika wakati". Wino umekwisha kuachwa zamani, jina likabaki. Julai 1969, wanaanga wa Apollo 11 walipofika Mwezini walikuwa na kronografu za Omega Speedmaster, ambazo shirika la NASA lilikuwa limeziidhinisha mwaka 1965 baada ya kuzijaribu kwa joto, baridi, mtikisiko na ombwe.

Katika kronografu ya kweli, mshale mrefu wa katikati (wazee wa pwani husema akrabu) haufanyi kazi ya sekunde za kawaida. Hutulia juu kabisa mpaka kibonyezo cha kwanza kibonyezwe. Sekunde za kila siku huonyeshwa na mshale mdogo katika mojawapo ya zile nyuso ndogo, na nyuso nyingine huhesabu dakika na saa za muda unaopimwa. Kibonyezo cha pili huirudisha mishale sifuri.

Katika nakala za bei ya chini mambo ni kinyume. Mshale mrefu hauachi kuzunguka, kwa kuwa ndani mna mashine ya saa ya kawaida isiyo na kipima muda chochote. Nyuso ndogo huonyesha siku ya juma, tarehe, na saa 24 za siku. Pengine zimechorwa tu na mishale yake imegandishwa. Vibonyezo hutumika kurekebishia siku na tarehe, au havifanyi kitu. Hata hivyo namba zilizochapwa kwenye nyuso hizo ni zile zile za saa iliyoigwa, na hapo ndipo hatari inapoingia.

Mathalani, mhudumu wa zahanati anapima malaria kwa kipimo cha haraka. Majibu ya kipimo hicho hayana budi kusomwa baada ya muda uliowekwa na mtengenezaji, aghalabu dakika 15 au 20. Yakisomwa mapema mno, mstari hafifu waweza kukosa kuonekana, na mgonjwa akarudishwa nyumbani bila dawa. Mhudumu anautegemea uso mdogo ulioandikwa 30, akiamini kwamba mzunguko mzima ni dakika 30. Kumbe mshale ule ni wa saa 24. Mshale unaozunguka nyuzi 360 kwa saa 24 husogea nyuzi 15 kwa saa, yaani nyuzi 5 tu kwa dakika 20. Kwenye uso uliogawanywa kwa 30, nyuzi 5 ni chini ya nusu dakika. Dakika 20 zimepita, nao uso wadai kwamba hata nusu dakika haijatimia. Yamkini mhudumu atatambua kwamba kuna kasoro, kwa kuwa tofauti ni kubwa mno. Lakini atakuwa amekwisha kupoteza hesabu ya muda, na kipimo kiko mezani.

Jaribio lake ni rahisi. Bonyeza kibonyezo cha kwanza pamoja na kipima muda cha simu, ngoja dakika 10, kisha linganisha. Kama hakuna mshale uliorudi sifuri wala ulioanza safari, basi kilichoko mkononi ni saa ya kawaida yenye mapambo.

Ukingo wenye namba

Kuzunguka uso wa kronografu nyingi pana ukingo wenye namba zinazoshuka: 400, 300, 240, na kuendelea hadi 60. Wengi huudhani ni urembo. Kwa hakika ni jedwali la mwendo kasi. Mtu aliye ndani ya basi huanzisha mshale anapopita jiwe la kilomita na kuusimamisha kwenye jiwe linalofuata. Namba inayoelekezwa na mshale ni mwendo wa basi kwa kilomita kwa saa. Kanuni yake ni kugawa 3,600, ambazo ni sekunde za saa moja, kwa sekunde zilizotumika. Sekunde 30 ni kilomita 120 kwa saa. Sekunde 45 ni kilomita 80. Sekunde 60 ni kilomita 60.

Kutokana na hesabu hiyo, ukingo wowote waweza kukaguliwa bila kupanda basi. Namba 60 yapaswa kuwa juu kabisa, 120 chini kabisa, 240 upande wa kulia mahali pa sekunde 15, na 80 upande wa kushoto mahali pa sekunde 45. Mchongaji aliyenakili umbo bila kuijua kanuni huweza kuziachanisha namba kwa nafasi zilizo sawa, jambo lisilowezekana kihesabu, maana mwendo na muda hubadilika kinyume. Mwalimu wa hisabati anayetafuta mfano wa uwiano kinyume hana haja ya kwenda mbali.

Bandia inayoishinda halisi

Mfuniko wa nyuma ukifunguliwa, msomaji atakuta jambo ambalo pengine hakulitarajia. Saa halisi iliyoigwa mara nyingi ni ya kamani: ukanda wa chuma uliokunjwa hujifungua polepole, na gurudumu dogo linalopwita huku na huku hugawa mwendo huo. Saa bora za namna hiyo zinazopewa cheti nchini Uswisi huruhusiwa kupoteza sekunde 4 au kuzidisha sekunde 6 kwa siku. Nakala ya bei ya chini huendeshwa kwa betri na fuwele ya kwatzi, na hukosea yapata sekunde 15 hadi 20 kwa mwezi. Kwa kazi ya kuonyesha wakati, basi, saa bandia huweza kuishinda ile ambayo imelighushi jina lake.

Chanzo cha usahihi huo ni ugunduzi wa mwaka 1880, pale ndugu wawili, Jacques na Pierre Curie, walipoona kwamba fuwele kama za kwatzi zikibanwa hutoa umeme. Kinyume chake pia ni kweli: zikipewa umeme hujikunja. Katika saa, kipande cha kwatzi chenye umbo la uma wa meno mawili hutetemeka mara 32,768 kwa sekunde. Namba hiyo haikuchaguliwa ovyo. Ni 2 iliyozidishwa kwa 2 mara kwa mara hadi kipeo cha 15. Kwa hiyo sakiti ndogo ikiigawa nusu kwa nusu mara 15, hubaki pigo 1 kwa sekunde, nalo ndilo linalousukuma mshale. Saa ya kwanza ya mkono ya namna hii kuuzwa madukani, Seiko Astron, ilitolewa Tokyo tarehe 25 Desemba 1969 kwa yeni 450,000. Leo mashine ya aina hiyo ni miongoni mwa vitu rahisi kabisa kutengenezwa kiwandani.

Zipo pia nakala za bei ya juu zenye mashine za kamani kutoka China, na baadhi ya mashine hizo zina ukoo wa kuheshimika. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, kiwanda cha saa cha Tianjin kilipata kutoka Uswisi mitambo ya kutengenezea mashine ya kronografu iitwayo Venus 175, ili kuwatengenezea saa marubani wa jeshi la anga la China. Kizazi cha mashine hiyo kingali kikitengenezwa na kuuzwa kwa jina lake chenyewe, bila kuiba la mtu. Ni ajabu kwamba kazi stadi kama hiyo huonwa haina thamani mpaka ifunikwe kwa jina la uongo.

Joto la Pwani

Kwatzi ina adui, naye ni kubadilika kwa halijoto. Uma wa saa umekatwa ili ufanye kazi vizuri zaidi kwenye nyuzi 25 za Selsiasi. Ukipata joto zaidi au baridi zaidi hupunguza mwendo. Upungufu huo, kwa kila sehemu milioni moja, ni takriban 0.034 mara mraba wa tofauti ya nyuzi. Saa iliyovaliwa mkononi hulindwa na mwili, na katika hali ya nyuzi 32 hupoteza sekunde 4 hivi kwa mwezi. Lakini saa iliyoachwa nyuma ya kioo cha gari lililoegeshwa juani, penye nyuzi 55, ina tofauti ya nyuzi 30. Mraba wake ni 900, na hasara yake ni sekunde zipatazo 2.6 kwa siku. Wanafunzi wanaweza kulithibitisha hilo kwa kuiweka saa juma zima ndani ya jokofu, wakiwa wameifunga katika mfuko usiopitisha unyevu, na nyingine mezani.

Tahadhari moja kwa wenye kupenda kuilinganisha saa na jua: Dar es Salaam iko karibu na longitudo ya nyuzi 39 na dakika 17 mashariki, ilhali saa za Afrika Mashariki hufuata mstari wa nyuzi 45. Kwa hiyo jua hufika kilele cha safari yake si saa 6 kamili mchana bali, kwa wastani wa mwaka, yapata saa 6 na dakika 23. Saa nyingi zimelaumiwa bure kwa sababu hiyo.

Maji na hewa

Maandishi yanayodanganya kuliko yote ni yale ya mita. Hata katika saa halisi, "mita 30" hazina maana kwamba mvaaji aweza kuzama mita 30. Maana yake ni kwamba saa ya aina hiyo imestahimili kanieneo ya kina hicho katika jaribio la utulivu kiwandani. Katika nakala, maandishi yamenakiliwa pamoja na mengine, na huenda pale penye ringi ya mpira ya kuzibia mfuniko hamna kitu, au mna mpira uliokauka.

Kina kikubwa hakihitajiki kuiua saa hiyo. Mvaaji amekaa juani mchana hadi hewa iliyomo kashani imefika nyuzi 42, yaani 315 za Kelvini. Akajitupa baharini, penye nyuzi 27, yaani 300. Kwa kuwa ujazo wa kasha haubadiliki, kanieneo ya hewa hiyo hupungua kwa sehemu 15 kati ya 315, ambayo ni moja ya 21. Kanieneo ya angahewa ni sawa na ile ya maji ya kina cha mita 10 na kidogo. Moja ya 21 yake ni karibu nusu mita. Kabla mvaaji hajazama hata shubiri moja, saa yake inavuta maji kama vile imezamishwa nusu mita. Maji ya bahari yana chumvi, chumvi hupitisha umeme, na nyuzi za shaba ndani ya saa ni nyembamba kuliko unywele.

Ukungu ukionekana chini ya kioo, si vema kuianika saa juani, kama wengi wafanyavyo; joto hueneza unyevu mpaka kwenye sakiti. Yafaa kuvuta nje kifundo cha ubavuni, kuiweka saa ndani ya chombo kilichofunikwa pamoja na vile vifuko vya kunyonyea unyevu viwekwavyo katika masanduku ya viatu vipya, na kuipeleka kwa fundi mapema.

Betri

Sehemu kubwa ya saa za kwatzi zinazokufa mjini haziuawi na maji bali na betri. Aina mbili zenye umbo moja huuzwa bega kwa bega. Ya oksidi ya fedha ina volti 1.55 na huishika karibu bila kubadilika mpaka inapokaribia kwisha. Ya alkali, iliyo ya bei ya chini, huanza na volti 1.5 na kushuka kidogo kidogo maisha yake yote. Tena ile ya alkali ikiisha na kuachwa ndani huelekea zaidi kuvuja, na kinachovuja ni haidroksidi ya potasiamu, dutu inayounguza ngozi na kula shaba. Mtu anayeiweka kabatini saa iliyosimama, akingoja siku atakayopata nafasi ya kwenda mjini, anaitunza pamoja na kinachoiharibu. Saa ikisimama, betri itolewe siku hiyo hiyo. Ute mweupe ukikutwa, fundi mwangalifu huufuta kwa ncha ya kijiti chenye pamba iliyoloa siki kidogo, kwa kuwa asidi hubatilisha alkali, kisha hukausha kwa spiriti.

Betri iliyotolewa isiachwe mezani penye watoto. Mtoto akiimeza ikakwama kooni, umeme wake huzalisha alkali papo hapo na kuunguza koromeo kwa muda wa saa chache; mtoto huyo apelekwe hospitali bila kungoja dalili.

Uzito wa chuma

Muuzaji huiweka saa kiganjani mwa mnunuzi ili ausikie uzito. Uzito peke yake si ushahidi. Wiani ndio ushahidi. Mkanda wa chuma ufunguliwe, ufungwe uzi, upimwe hewani, kisha upimwe ukiwa umezama majini bila viputo. Uzito wa hewani ukigawanywa kwa tofauti ya vipimo hivyo viwili, jibu ni wiani wake ukilinganishwa na maji. Chuma cha pua hutoa karibu 8, aloi ya zinki hutoa karibu 6.6, shaba ya manjano yapata 8.4, na alumini 2.7. Hii ni kanuni ya Archimedes, iliyosimuliwa tangu zamani kuhusu taji la mfalme lililoshukiwa kuchanganywa. Bandia si jambo geni duniani.

Tofauti hiyo huonekana baadaye kwenye ngozi. Chuma cha pua kina nikeli, lakini utando wa oksidi ya kromiamu huizuia isitoke kwa urahisi. Aloi iliyopakwa rangi ya fedha hukwanguliwa na jasho, ambalo lina chumvi, na nikeli iliyo chini ya utando hugusana na mkono. Upele unaochukua umbo la saa yenyewe ni dalili inayotambulika upesi. Kuifuta saa kwa kitambaa chenye maji safi kila jioni, na kuivua usiku, hurefusha maisha ya utando, ingawa hakuuzuii kuisha.

Sheria na meza ya fundi

Kuuza bidhaa yenye alama ya kughushi ni kosa nchini Tanzania chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, na usimamizi wake uko mikononi mwa Tume ya Ushindani, ambayo hukamata bidhaa bandia na kuziteketeza. Fundi saa yuko mahali pagumu zaidi. Yeye hakuuza; anatengeneza kilicholetwa. Lakini kiwanda kilichoandikwa usoni hakitampa kipuri, na kiwanda kilichoitengeneza hakijulikani. Ndiyo sababu mashine iliyokufa haitengenezwi, hubadilishwa nzima. Fundi hubana lenzi jichoni, huing'oa mishale, hupima kipenyo cha mashine, na kutafuta katika kopo lake mashine nyingine ambayo mhimili wake unaingia katika matundu ya mishale ile ile na tarehe yake inatokea kwenye dirisha lile lile. Isipopatikana, saa yenye kasha zima na kioo kizima huishia kuwa akiba ya vipuri.

Saa mpya kwenye meza za wachuuzi aghalabu hazitembei. Chini ya kifundo cha ubavuni pana kipande kidogo cha plastiki kinachokizuia kuingia, ili betri isiishe kabla ya mauzo. Mnunuzi mwenye kutaka kujua anachonunua hukitoa kipande hicho, husukuma kifundo ndani, na kutazama ni mshale upi unaoanza kutembea.